Mipango Iliyoanzia Dikoni: Jinsi Tanga Ilivyopigania Bahari Yake

Januari 1499, akiwa njiani kurudi kwao kutoka India, Vasco da Gama aliichoma moto mojawapo ya merikebu zake, São Rafael, katika pwani ya Mtang'ata, kusini kidogo ya mji wa Tanga. Mabaharia wake wengi walikuwa wamekufa kwa maradhi, na waliosalia hawakutosha kuendesha merikebu zote. Mwaka uliotangulia merikebu hiyo hiyo ilikuwa imepanda mwamba mahali hapo, na Wareno wakaipa miamba ile jina lake. Wenyeji walikuwa na jina lao tangu zamani. Mtang'ata ulikuwa mji wa Waswahili, na magofu ya msikiti na makaburi yake yangalipo Tongoni hadi leo. Miamba iliyomkwamisha nahodha mgeni ndiyo iliyowalisha watu wa mji ule, kwa changu, tasi na pweza.

Miaka kama mia tano baadaye jina la Mtang'ata liliandikwa upya kwenye karatasi ya serikali. Safari hii lilikuwa jina la mpango: makubaliano ya vijiji kadhaa, yaliyopitishwa na halmashauri zao, kuhusu mwamba upi ufungwe, nyavu zipi zipigwe marufuku, na nani atalinda. Namna mpango ule ulivyozaliwa, ulivyofanya kazi na ulivyotikiswa ni habari inayowahusu watu wote wa mwambao, kuanzia Jasini mpaka Msimbati.

Amri kutoka juu

Kwa karne nzima kabla ya hapo, ulinzi wa mali za pwani ulikuwa amri iliyotoka mbali. Wajerumani waliitangaza mikoko ya delta ya Rufiji kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1898, maana waliona majahazi yakipakia boriti kwenda Uarabuni na Ghuba bila wao kupata chochote. Waingereza nao wakaendeleza utaratibu huo katika pwani yote ya Tanganyika. Mkandaa na msinzi iliyokuwa nyuma ya nyumba ya mtu ikawa mali ya serikali, na yeye akawa mwomba kibali. Aliyeishi jirani na mikoko hakuulizwa lolote juu ya namna ya kuitunza.

Uhuru ulibadilisha mengi, lakini katika jambo hili desturi iliendelea. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 1970 ilipiga marufuku uvuvi wa baruti, ambao ulikuwa umeanza kushamiri tangu miaka ya 1960. Miaka miwili baadaye, 1972, serikali ilianzisha utaratibu ulioitwa Madaraka Mikoani. Jina lilikuwa zuri, ila matokeo yake yalikuwa kinyume: halmashauri za wilaya, ambazo wananchi waliwachagua madiwani wake, zilivunjwa, na kazi zake zikakabidhiwa maofisa walioteuliwa na serikali kuu. Kikao ambacho mvuvi wa Pangani angeweza kumtuma diwani wake akasemee bahari kikawa hakipo.

Ni katika kipindi hicho, mwaka 1975, visiwa na miamba kadhaa ilitangazwa kuwa maeneo tengefu. Vilikuwamo Mbudya na Bongoyo karibu na Dar es Salaam, na Maziwe mbele ya mwambao wa Pangani. Maziwe kilikuwa kisiwa kidogo chenye miti, mashuhuri kwa kasa waliopanda kutaga mayai. Tangazo lilichapishwa, lakini hakukuwa na mlinzi, mashua wala bajeti, na hakuna kijiji kilichokabidhiwa wajibu. Miti ya Maziwe ilikatwa. Mchanga uliokuwa umeshikwa na mizizi ukachukuliwa na mawimbi, na kufikia miaka ya mwanzo ya 1980 kisiwa hakikuwa kisiwa tena. Leo ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakitoka na kufunikwa yakijaa. Kisheria eneo lilikuwa limelindwa muda wote huo.

Sauti ya baruti

Wakati huohuo mlipuko ulikuwa sauti ya kila siku katika maji ya Tanga. Ufundi wake ni mwepesi, na ndiyo maana ulienea. Baruti iliyotoka kwenye machimbo au ujenzi wa barabara, au iliyochanganywa nyumbani kwa mbolea na mafuta, hutiwa utambi na kutupwa penye kundi la samaki. Mshindo hupasua vibofu vya hewa vya samaki. Baadhi huelea na kuokotwa, wengi huzama na kuozea chini. Wakubwa na wachanga hufa pamoja.

Hasara kubwa zaidi hubaki mwambani. Matumbawe ni viumbe hai wanaojenga nyumba zao kwa chokaa, polepole, kwa miaka mingi. Mlipuko mmoja huyageuza kifusi, na kifusi hicho huviringishwa na mawimbi kila kusi na kila kaskazi, hata tumbawe changa lisipate mahali pa kushika. Mwamba uliopigwa mara kwa mara haurudi katika umri wa mtu mmoja. Watafiti waliopiga mbizi Tanga walikuta miamba iliyokufa kabisa, na mingine mingi iliyojeruhiwa. Aliyeumia kwanza ni mvuvi wa dema na mshipi, ambaye chombo chake ni ngalawa na ambaye hawezi kwenda mbali kutafuta mwamba mzima.

Kwa nini basi vijiji vilinyamaza? Watu walikuwa na sababu, na sababu zenyewe zilikuwa nzito. Mpiga baruti mara nyingi alikuwa mtoto wa jirani, au kijana aliyetumwa na tajiri wa mjini mwenye chombo, mashine na soko. Aliyemtaja alitishiwa. Aliyempeleka polisi alimwona amerudi dikoni baada ya siku chache, faini imelipwa, na sasa anamjua mshitaki wake. Mahakimu wengi walilitazama kosa la baruti kama kosa dogo la samaki. Kusema hadharani kulihitaji kwanza mahali pa kusemea, na pawe mahali ambapo neno la mwanakijiji lina nguvu ya sheria.

Halmashauri zarudi

Mahali hapo palianza kurudi mwaka 1982, Bunge lilipopitisha Sheria ya Serikali za Mitaa kwa mamlaka za wilaya, na miaka miwili baadaye halmashauri zikasimama tena. Sheria hiyo ilikuwa na vifungu ambavyo mtu wa pwani angeweza kuvipita bila kuviona. Halmashauri ya kijiji iliruhusiwa kutunga sheria ndogo. Rasimu ilipaswa kufikishwa kwanza kwenye mkutano wa kijiji, watu waijadili, kisha iende kwenye baraza la madiwani la wilaya. Ikikubaliwa huko, ilikuwa sheria kamili, na aliyeivunja angeweza kushitakiwa mahakamani.

Kwa miaka kadhaa vifungu hivyo vilitumika zaidi kwa ushuru wa masoko na usafi wa vijiji. Mtu hakufikiria kwamba vingeweza kuvuka ufuo na kuingia baharini. Fikra hiyo ilikuja Tanga mwaka 1994, ulipoanza Mpango wa Hifadhi na Maendeleo ya Ukanda wa Pwani. Serikali ya Ireland iligharimia, shirika la kimataifa la hifadhi ya asili, IUCN, likatoa washauri, na watekelezaji wakawa ofisi ya mkoa pamoja na halmashauri za Muheza, Pangani na mji wa Tanga. Uamuzi wa kupitishia kazi kwenye halmashauri ulikuwa wa maana kubwa. Maofisa wa uvuvi, misitu na maendeleo ya jamii waliokuwa tayari kazini ndio waliofundishwa na kutumwa vijijini, badala ya kuajiri jeshi jipya la wataalamu ambalo lingeondoka na fedha za wafadhili.

Mwaka wa kwanza na zaidi ulitumika kusikiliza na kupima. Vijiji vilivyochaguliwa kuanza ni vitatu, kimoja kwa kila wilaya: Kigombe upande wa Muheza, Kipumbwi upande wa Pangani, na Mwambani mjini Tanga. Wanakijiji waliombwa kutaja matatizo yao wenyewe na kuyapanga kwa uzito. Orodha zilifanana: samaki wanapungua, baruti, nyavu za kukokota, mikoko inakatwa, ufuo unamegwa, serikali haisimamii sheria. Walichora ramani za miamba yao, wakaonyesha ipi ilikuwa na samaki wakati wa wazee wao na ipi imekufa. Wataalamu walipozama kupima, walikuta mengi ya yale waliyokwisha kuambiwa na wavuvi.

Kutoka kijiji hadi eneo

Hatua iliyofuata ilihitaji uvumilivu. Kila kijiji kiliunda kamati ya mazingira, wanaume kwa wanawake, na kamati ikaandika mpango: tatizo, chanzo chake, hatua, mwenye jukumu, na namna ya kujua kama hatua imefaa. Watu wa Kigombe walikubali kufunga miamba ya Kitanga na Upangu ili samaki wapate mahali pa kukulia. Huo haukuwa uamuzi mdogo. Mwamba unaofungwa ni chakula kinachoahirishwa, na watu walioamua hivyo hawakuwa na akiba benki ya kungojea.

Hapo ndipo tatizo ambalo wapangaji wa ofisini hawakulitarajia lilipojitokeza. Mvuvi hafuati mpaka wa kijiji. Miamba ya Kigombe ilivuliwa pia na watu wa Tongoni, Mwarongo na kwingine, ambao hawakuwa wamekaa kwenye mkutano wa Kigombe wala hawakufungwa na maamuzi yake. Mpango wa kijiji kimoja juu ya maji ya vijiji vingi ungezaa ugomvi, na kwa kweli ulianza kuuzaa.

Suluhisho lilikuwa kupanga kwa kufuata bahari. Vijiji vinavyotumia maji mamoja viliwekwa pamoja katika eneo moja la usimamizi, kila kijiji kikatuma wajumbe kwenye kamati ya uratibu, na mpango mmoja ukaandikwa kwa ajili ya wote. Ndivyo mpango wa Kigombe ulivyokua na kuwa mpango wa Mtang'ata. Kusini ukafuata wa Boza hadi Sange, kaskazini wa Boma hadi Mahandakini, na mingine. Mwishowe yalikuwa maeneo sita, yaliyobeba vijiji zaidi ya 40 na pwani yote ya mkoa, kutoka mpaka wa Kenya hadi karibu na Bagamoyo.

Njia ya kuupitisha mpango ilikuwa ndefu, na urefu huo ulikuwa na faida yake. Ulianzia kwenye mkutano wa kijiji, ukaenda kwenye kamati ya maendeleo ya kata, kisha kwenye baraza la madiwani. Kwa kuwa kufunga eneo la uvuvi kunagusa mamlaka ya serikali kuu, ulifika pia kwa Mkurugenzi wa Uvuvi. Kila kituo kilikuwa na mtu wa kuhoji. Diwani aliyepiga kura kuunga mkono hakuweza tena kusema hajui, na ofisa wa wilaya aliyetia sahihi alikuwa na jukumu lililoandikwa lenye jina lake. Mpango ulipitiwa upya kila baada ya muda. Mwamba uliopona ungeweza kufunguliwa, mwingine ukafungwa, na hatua iliyoshindwa ikaachwa.

Miaka ya mavuno

Sheria ndogo ziliungwa mkono na doria. Wanakijiji waliopewa mafunzo walitoka baharini pamoja na askari, wakiwamo wa kikosi cha wanamaji, na hapo mpiga baruti alikutana na watu wanaomjua kwa jina wakiwa pamoja na dola inayoweza kumkamata. Kila upande ulikuwa umeshindwa peke yake: askari wa mjini hakujua njia za mikoko ambamo baruti hufichwa, na mwanakijiji hakuwa na bunduki wala mamlaka. Walipoungana, milipuko ilipungua sana katika nusu ya pili ya miaka ya 1990. Nyavu za kigumi na majuya yanayokwangua mwamba nayo yalipungua.

Kisha likaja pigo lisilotokana na mvuvi yeyote. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kiasi wakati wa El Niño, na matumbawe katika Afrika Mashariki yote yakapauka, mengi yakafa. Tanga haikuepuka. Lakini vipimo vilivyoendelea kila mwaka, vikifanywa na maofisa wa halmashauri pamoja na wavuvi waliofundishwa kuhesabu samaki chini ya maji, vilionyesha miamba ikirudi. Mwaka 2004 Verheij, Makoloweka na Kalombo, waliofanya kazi ndani ya mpango huo, walichapisha matokeo: hali ya miamba na ya uvuvi ilikuwa imekuwa bora, licha ya kupauka kule. Nchi kavu, mikoko ilipandwa upya, na wanawake waliingia katika kilimo cha mwani, ambacho kwa mara ya kwanza kiliwapa wengi wao fedha za bahari zilizo mikononi mwao wenyewe.

Taifa nalo lilijifunza. Mkakati wa kitaifa wa usimamizi wa mazingira ya pwani ulizinduliwa mwaka 2003 na kuzipa wilaya nafasi ya mbele katika kupanga. Mwaka huohuo Sheria mpya ya Uvuvi ilitambua vikundi vya usimamizi wa fukwe, ambavyo kila diko sasa linaviita BMU. Jambo lililojaribiwa na wavuvi wa Kigombe na Kipumbwi lilikuwa limeingia katika sheria ya nchi.

Baruti yarudi

Ushindi huo haukudumu. Katikati ya miaka ya 2000 milipuko ilianza kusikika tena, na mwaka 2007 mpango ulifungwa, ufadhili ukaisha. Kamati za vijiji zilibaki, sheria ndogo zilibaki, lakini mafuta ya mashua ya doria hayakuwamo kwenye bajeti. Kamati isiyo na mashua haikamati mtu, na mvuvi aliyeheshimu mwamba uliofungwa kwa miaka kumi anapomwona mwingine akiulipua bila kuguswa, huona heshima yake imekuwa hasara.

Katika pengo hilo serikali kuu iliingia kwa njia nyingine. Tangu mwaka 2004 wavuvi wa Tanga waliotega majarife ya papa kwenye vilindi walikuwa wakinasa silakanti, samaki ambaye kabla ya mwaka 1938 wanasayansi waliamini ametoweka duniani tangu zama za mijusi wakubwa. Mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silakanti Tanga, yenye kilomita za mraba 552, chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994. Nia ilikuwa njema, na samaki huyo anastahili kulindwa. Lakini maji yale tayari yalikuwa na mpango wa Mtang'ata, wenye kamati na kanuni zake, na sasa mamlaka ya mwisho yalihamia kwa taasisi ya taifa. Kwa watu waliokuwa wamejifunza kupanga wenyewe, swali la nani mwenye neno juu ya mwamba lilifunguliwa upya.

Baruti haikungoja jibu. Mwaka 2015 watafiti waliosafiri kwa chombo kando ya pwani ya Tanzania wakiwa na vinasa sauti vya chini ya maji walirekodi milipuko 318 kwa muda wa kama mwezi mmoja tu, zaidi ya nusu yake karibu na Dar es Salaam, mbele ya macho ya wizara zote. Hapo taifa lilishtuka. Polisi, wanamaji, waendesha mashitaka na maofisa wa uvuvi waliunganishwa, minyororo ya wauza baruti ikafuatwa hadi nchi kavu, na katika miaka michache iliyofuata milipuko ikapungua kwa kiasi kikubwa. Wapo waliohitimisha kwamba nguvu ya dola ndiyo dawa, na kwamba mipango ya vijiji ilikuwa anasa ya wafadhili.

Hitimisho hilo si sahihi, na historia yenyewe inalikataa. Dola ilikuwapo mwaka 1975, na Maziwe kikazama. Ilikuwapo miaka ya 1980, na miamba ikawa kifusi. Operesheni huja na kuondoka, na ikiondoka lazima awepo mtu anayelala karibu na diko na mwenye haki kisheria ya kusema hapana. Kwa upande mwingine, mtu huyo akiachwa peke yake bila mashua, bila mahakama inayoadhibu na bila mlango wa ofisa ulio wazi, hawezi kuzuia fedha za tajiri wa baruti. Miaka ambayo Tanga ilifanikiwa ilikuwa miaka ambayo mpango wa watu na nguvu ya serikali vilikuwa katika waraka mmoja, wenye sahihi za pande zote mbili.

Leo mzigo wa pwani ile ni mkubwa kuliko ule wa mwaka 1994. Rasi ya Chongoleani imechaguliwa kuwa mwisho wa bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, mahali ambapo meli kubwa zitapakia. Watu wameongezeka, hoteli zimesogea ufukweni, na bahari inazidi kupata joto. Maamuzi juu ya mambo hayo hayawezi kufanywa vizuri na mtu asiyejua mkondo wa maji unaelekea wapi wakati wa bamvua, na ujuzi huo uko kwenye mikutano ya vijiji.

Kwa hiyo jambo la kudai ni la kawaida na linawezekana. Halmashauri za pwani hukusanya ushuru wa samaki na ada za leseni kila siku. Sehemu ya fedha hizo na irudi baharini kwa kifungu kilichoandikwa kwenye bajeti: mafuta ya doria, posho ya kamati, na upimaji wa miamba kila mwaka. Mipango ya maeneo na ipitiwe upya na vijiji vyenyewe, na hifadhi za bahari ziikubali kama msingi wa kanuni zao. Diwani anayesimama kuomba kura katika kata ya pwani na aulizwe mpango wa bahari ya kata hiyo ulipitiwa lini, na ametenga shilingi ngapi kuutekeleza.